Bila gari mu Lubumbashi: saa sita za kutembea na mzee wa Likasi

Wengi wetu tunafikaka Lubumbashi juu ya karatasi, juu ya hospitali ao juu ya matanga. Tunashuka mu basi, tunakaa pa benchi, tunarudi. Muji wenyewe hatuuoni. Siku moja ya mwezi wa saba tuliuzunguka kwa miguu na kwa taxi-bus, pamoja na mutumishi wa zamani wa Gécamines na mujukuu yake.

Saa mbili ya asubuhi baridi ilikuwa ingali kali. Mbele ya ofisi moja ya katikati ya muji watu walikuwa wamekwisha kupanga mustari, mikono ndani ya makoti. Karani alifungua dirisha, akapokea karatasi za mzee moja, akazigeuza mara mbili, akamurudishia.

— Papa, mukubwa hajafika. Murudie saa nane.

Dirisha likafungwa. Saa sita za kungojea. Kwa mutu mwenye gari, saa sita si kitu: anaenda nyumbani, anakula, anarudi. Kwa mutu aliyetoka Likasi na basi ya kwanza, kilometa 120 hivi, saa sita ni benchi, vumbi na maji ya sachet.

Mzee huyu ana miaka 74. Aliingia Gécamines mwaka 1972, akatumika miaka tisa mu fonderi ya Lubumbashi, kisha wakamutuma Shituru, kule Likasi. Alitoka mwaka 2003, pamoja na wale wenzake zaidi ya 10 000 waliotia mukono pa karatasi ya « départ volontaire ». Yeye anasemaka: « Volontaire ilikuwa paka mu karatasi. » Alikuja na mujukuu yake wa miaka 16, mutoto wa binti yake, juu ya kumusomea maandiko ya kidogo-kidogo, sababu macho yake yamechoka. Majina yao hatuyaandiki, wenyewe waliomba vile. Mwandishi wenu alikuwa pale pale pa benchi, naye akingojea karatasi yake.

Kulikuwa tena neno lingine. Tangu Pasaka kijana huyu anasema nyumbani kwamba hatarudi ku masomo mwezi wa tisa. Rafiki zake wawili wako Kolwezi, wanachimba.

— Banarudiaka na telefone ya mupya, aliniambia bila kuficha. Miye niko nangojea nini?

Nkambo yake alisikia, hakujibu. Alisimama polepole, akapanguza suruali, akashika fimbo.

— Twende. Tutaenda kuona muji.

— Na gari gani, nkambo?

— Na ile Mungu alikupatia.

Muji uliochorwa na rula

Lubumbashi ina watu zaidi ya milioni mbili na komini saba, lakini katikati yake inaenewa mu miguu ya mutu. Sababu iko mu historia. Wabelgiji walianzisha muji mwaka 1910, wakauita Elisabethville, jina la malkia wao. Jina la leo, ambalo ni la muto unaopita kando, lilikuja mwaka 1966. Waliuchora kama karatasi ya hesabu: avenue za upana zinazokutana kona kwa kona. Njo maana mugeni hawezi kupotea mbali. Ukikosea avenue, geuka ku kona inayofuata, geuka tena, utajikuta karibu na pale ulitoka.

Tulianza ku gare, sababu muji nao ulianza na reli. Njia ya treni iliyopanda toka kusini, kupitia inchi inayoitwa leo Zambia, ilifika hapa mwaka 1910. Mwaka uliofuata fonderi ilitoa shaba yake ya kwanza. Bila reli hakuna makaa, bila makaa hakuna moto, bila moto mawe yanabaki mawe. Mzee alionyesha reli na fimbo yake.

— Baba yangu alishukia hapa. Mwaka 1938. Alitoka upande wa Kamina na kontra ya miaka tatu. Alikuwa na blanketi moja.

Kijana alimuangalia. Hakuwa amesikia ile habari. Pale pale nilifahamu kwamba mzee hakutoka pa benchi juu ya kupitisha saa tu.

Toka ku gare tulienda mpaka Place de la Poste, pale sanamu ya Moïse Tshombe inasimama. Yule ambaye mwaka 1960 alitangaza Katanga kuwa inchi yake peke yake, mpaka mwanzo wa 1963. Mu gari, ile place ni mahali pa kugeukia. Kwa miguu, ni mahali pa kusimama: wabadilishaji wa makuta na mafungu yao ya franka, mama mwenye karanga, vijana wa mayuniti, mapapa wenye kusoma gazeti bila kulinunua. Manyumba mengi ya zamani yana barza mbele. Ukitembea chini ya barza, jua la saa tano halikukamati. Mwenye gari hajui faida ya barza.

Tulipumuzika mu kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lile la matofali mekundu. Kuingia hakuna kulipa, kuna baridi nzuri, na hakuna mutu anayeuliza unangojea nani. Mzee aliomba kidogo, kijana alihesabu madirisha.

Misalaba ya shaba

Mutu wa kutembea anahitaji mahali pa kuingia. Sisi tulichagua Musée national, karibu na lile jengo kubwa la 30 Juin, lililojengwa miaka ya 1950 kama teatre na ambamo wadepite wa provense wanakutanaka. Ku mulango wa musée unalipa, kwa hiyo uliza bei mbele ya kuingia, na sema kama uko na mwanafunzi.

Ndani kuna masanamu, vyungu, vitu vya wafalme, mawe ya kila rangi, na malakiti ya kijani ambayo kila mutoto wa Likasi na Kolwezi anaijua. Lakini kijana alisimama mbele ya misalaba ya shaba, ile yenye mikono mine kama herufi X. Zamani, mamia ya miaka mbele ya Wabelgiji, watu wa inchi hii walichimba shaba, wakaiyeyusha mu matanuru ya udongo, wakaimimina ndani ya kalibu. Misalaba ile ilitembea kama makuta. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, watafiti waliikuta mu makaburi ya watu wa kale. Na mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu ilitiwa pa bendera.

— Nkambo, nabo balikuwa ba-creuseur?

Mzee alicheka mara ya kwanza ile siku.

— Balikuwa mafundi. Kuchimba ni nusu ya kazi. Mwenye kujua moto njo alikuwa mukubwa. Huyu wa kuchimba alikuwa anamubebea mawe.

Kijana hakusema kitu, lakini alirudi nyuma kuangalia tena kalibu.

Nusu ya njia

Toka katikati mpaka Kamalondo mutu mwenye nguvu anaenda kwa miguu. Magoti ya mzee yalikataa. Kulikuwa manseba wawili waliotuita, moto zikinguruma. Mzee aliwaangalia:

— Nilitoka muzima mu fonderi. Sitakufia pa moto.

Tukapanda taxi-bus. Hapa mugeni anahitaji masikio kuliko macho, sababu maandiko pa gari hayasemi kila mara njia yake. Receveur njo anayesema: « Kenya, Kenya, Kenya! », « Katuba! », « Ruashi! ». Uliza mambo mawili mbele ya kukaa: bei, na pahali gari inaishia. Sisi tuliuliza bei tu. Njiani shofere alisimama, akazima moteri, akasema amefika mwisho, anageuza. Mwenye kutaka kuendelea alipe tena mu gari ingine. Watu wa hapa wanajua ule mchezo, wanauita « demi-terrain »: njia moja inakatwa mara mbili, na mufuko wako unakatwa pamoja. Mama moja mwenye kikapo cha samaki alisema maneno ambayo hatuwezi kuandika mu gazeti. Tulishuka wote.

Tulitembea ile iliyobaki polepole, na mzee alieleza kitu ambacho mu gari hatungekisikia. Zamani, kati ya muji wa wazungu na cité ya Waafrika kulikuwa kipande cha inchi kilichoachwa bure, bila nyumba, juu ya kuwatenga watu. Usiku, Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea mu muji wa wazungu bila karatasi. Kutembea tu, kwa miguu yako, kulikuwa kosa. « Baba yangu alilala ku polisi mara moja juu ya ile, » mzee alisema. « Hakuiba kitu. Alikuwa anatembea. »

Uwanja wa mupira

Kamalondo ni ya zamani kati ya makomini ya Lubumbashi. Avenue zake ni fupi, manyumba yanakaribiana, na mulango ukifunguliwa unaona maisha yote ya jamaa: nguo pa kamba, mbabula, mutoto anaogeshwa mu beseni. Pale kuna uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa mwaka 2011. Kijana, ambaye tangu asubuhi alikuwa anavuta miguu, aliamuka. Yeye njo alitufundisha sasa: Kombe la Afrika la ma-klabu mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na ile fainali ya dunia mbele ya Inter Milan kule Abu Dhabi, mwaka 2010, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Walipigwa tatu kwa sifuri, lakini hakuna mutu wa Lubumbashi anayeanza habari na ile tatu.

Tulikaa pa kifusi cha matofali, mbele ya mama moja anayepika. Toka pale, juu ya mabati, unaona shimini ya Gécamines, zaidi ya mita 100, na kando yake ule mulima mweusi. Si mulima wa Mungu. Ni mabaki ya fonderi, yaliyomwagwa miaka na miaka, na ndani yake kulibaki kobalti ambayo wengine walikuja kuitoa kisha.

Mzee aliangalia pale kwa muda murefu.

— Huu uwanja wa Mazembe ni wa furaha. Kulikuwa uwanja mwingine wa mupira, upande ule wa kambi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili 1941. Vita ya dunia ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu, mushahara wa watumishi Waafrika wa Union Minière haukuifuata. Wakaacha kazi. Tarehe 9 walikusanyika ku uwanja wa mupira. Gavana Amour Maron alifika na waaskari, maneno yakashindikana, waaskari wakapiga risasi. Watu wengi walikufa pale, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Kati yao alikuwa Léonard Mpoyi, yule aliyesimama kusemea wengine. Miaka ya 1970, mchoraji wa hapa, Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi yetu picha kwa picha, alitia na ile siku ndani.

— Baba yangu alikuwa pale, mzee alisema. Alikimbia. Alipoteza kiatu moja.

Mama aliyepika alikuwa ameacha kukoroga.

— Unajua juu ya nini balimuchagua Mpoyi aseme? Alikuwa karani. Alijua kusoma ile bazungu banaandika. Bengine bote balimupita nguvu. Baba yangu alimupita nguvu. Lakini karatasi ikikuja, nguvu inasimama inaangalia.

Kijana alichora-chora chini na kijiti.

— Na kiatu, hakurudia kuikamata?

— Hakurudia.

Mambo ya kujua

Tulikula bukari na thomson na lengalenga pale pale, mu malewa ya ule mama. Alipokwisha kusikia habari yetu, yeye njo alitoa mashauri mengi zaidi, na sisi tunayaandika kwa faida ya jamaa za Kolwezi, Likasi, Kambove na Kipushi ambazo zitakuja kisha yetu.

Majira kwanza. Toka mwezi wa tano mpaka wa nane ni wakati muzuri wa kutembea: hakuna mvua, jua si kali, lakini asubuhi beba koti. Mwezi wa kumi joto linakata miguu, basi tembea asubuhi mapema. Toka mwezi wa kumi na moja mvua inanyesha mangaribi mara nyingi, kwa hiyo pitisha safari yako mbele ya saa nane.

Makuta: gawanya. Franka za kidogo za taxi-bus mu mufuko wa mbele, zilizobaki pahali pengine, juu usifungue kifurushi mbele ya receveur. Lipa na makuta kamili, mabadilisho yanachelewa.

Telefone: ku kona yenye watu wengi usiitoe. Na picha: usipige picha ya gare, ya fonderi, ya kambi ya waaskari ao ya ofisi ya serikali bila ruhusa. Picha moja inaweza kukukamatisha siku nzima.

Njia: muulize mama mwenye meza ya kuuzisha, usimuulize mupita njia. Mama mwenye meza anakaa pale kila siku, anajua, na hana haraka. Musalimie kwanza. Na usiulize mbali ni kilometa ngapi. Uliza kama watoto wanaendaka kwa miguu.

Ukiwa na watoto ao wazee, fanya kama sisi: tembea kipande, panda kipande. Usiku usitembee. Saa kumi na moja uwe umefika pahali pa kulala ao pa basi.

Saa nane

Tulirudi ku ofisi na taxi-bus, na safari hii kijana njo aliuliza: « Inaishia wapi? » Receveur alimuangalia, akacheka, akajibu sawasawa.

Mukubwa alikuwa amefika. Dirisha likafunguliwa, karani akatoa karatasi ya kurasa mbili, akaonyesha pahali pa kutia mukono. Mzee alichukua stilo. Kijana akaweka kidole pa karatasi.

— Ngoja, nkambo. Hapa banaandika 1981.

Alisoma tena, kwa sauti, polepole, Kifaransa chake cha masomo: mwanzo wa kazi, 1981; mwisho, 2003. Miaka 22. Ile tisa ya fonderi ya Lubumbashi haikuwa pale. Mzee, ambaye asubuhi alitaka tu kutia mukono na kurudi, alirudisha stilo pa dirisha. Mu mufuko wa koti alitoa kitabu chake cha kazi, kimefungwa mu sachet, na kijana akafungua ukurasa wa 1972.

Karani hakukasirika. Alisema si yeye aliyeandika. Alichukua fotokopi, akatia kachet, akasema warudie kisha juma mbili. Labda itatengenezwa. Labda watasema tena mukubwa hajafika. Tunaijua ofisi, na wasomaji wetu wanaijua kutupita.

Niliwasindikiza mpaka ku basi ya Likasi. Juu ya masomo kijana hakusema ndiyo wala hapana, na nkambo yake hakumuuliza. Alimupandisha mzee kwanza, akamutafutia nafasi mbali na mulango juu ya baridi, kisha akatoa kichwa pa dirisha.

— Kisha juma mbili tutakuja na basi ya kwanza, alisema. Tukingali kungojea, tutaanzia ku fonderi. Nkambo anasema toka pale ku uwanja si mbali kwa miguu.